ASKARI NA SAHANI YAKE: SOMO LA MOGADISHU KWA WALIOKO ORABA

Katika magwaride na semina zetu tumezoea kuzungumza juu ya silaha, nidhamu, utii na uzalendo, na ni haki kufanya hivyo, kwa maana bila ya mambo hayo hakuna jeshi wala polisi. Lakini liko jambo moja ambalo hutajwa kwa nadra sana, na likitajwa huachiwa mpishi na mtunza stoo, kana kwamba haliwahusu wenye bunduki. Jambo hilo ni chakula. Juu ya wingi wake askari hujua kusema, tena kwa sauti. Juu ya aina yake hunyamaza. Leo tunapenda kulizungumza na wenzetu walioko katika vituo vya mpakani, na hasa Oraba, mahali ambapo barabara ya lami itokayo Arua kwa kupitia Koboko hufika kikomo cha Uganda na kukabiliana na Kaya ya Sudan Kusini.

Msomaji asidhani kuwa tumekuja kumfundisha upishi. Tumekuja kumkumbusha kwamba chakula kimepata kuwaangusha askari wa Afrika Mashariki, watu waliokuwa na silaha za kutosha, mafunzo ya kutosha na vyeo vyao mabegani, pasipo risasi hata moja kuwagusa.

Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu mwezi Machi 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, katika jeshi la kulinda amani lililoitwa wakati ule AMISOM, na ndugu zetu wa Burundi wakafuata baadaye mwaka huo huo. Mwishoni mwa Aprili 2009 baadhi ya askari hao walianza kuvimba miguu. Mtu aliyekuwa akipanda ukuta jana, leo buti halimwingii. Kesho yake anashika kifua na kutafuta pumzi. Wengine walidhani ni maji, wengine wakadhani ni sumu ya adui. Kufikia mwanzoni mwa Mei 2010 askari 241 walikuwa wameugua kwa namna hiyo, wanne walikuwa wamekufa, na wasiopungua 52 walikuwa wamesafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda. Vipimo vya mwanzo havikuonyesha sumu, wala viini vya maradhi, wala kasoro ya damu.

Waganga walipokosa jibu katika chupa za maabara waliuliza swali ambalo hata koplo angaliweza kuliuliza: aliyeugua alikula nini, na mwenzake aliye mzima alikula nini? Jibu likatoka. Ugonjwa uliwaandama wale ambao hawakuonja kitu kingine chochote isipokuwa chakula kilichotolewa na jeshi. Tena uliwaandama zaidi wale waliokaa katika ngome zilizokuwa zikishambuliwa kila siku. Waliokuwa wakipata chakula cha wenyeji, nje ya kile cha kikosi, aghalabu walisalimika. Wagonjwa wakapewa thiamini, yaani vitamini B1, na uvimbe ukawaondoka kwa haraka ya kustaajabisha. Damu ya wagonjwa 16, iliyotolewa kabla hawajatibiwa, ilipopimwa ilithibitisha kuwa ni beriberi. Ndipo askari wazima nao wakapewa vitamini hiyo, wagonjwa wakapungua, wala hakufa mwingine.

Tunaomba kila askari alitafakari jambo hili kwa dakika chache. Beriberi ni maradhi ambayo wengi wetu tulidhani yamebaki katika vitabu vya mabaharia wa zamani. Kumbe yaliwakuta askari wenye magari ya deraya, redio na madaktari, karne ya 21 ikiwa imekwisha kuanza. Wala hawakuwa na njaa! Walikula wakashiba. Walishiba chakula kisicho na kitu kimoja kidogo, ambacho mwili hauwezi kukiweka akiba zaidi ya majuma mawili au matatu.

Thiamini hukaa katika ganda na kiini cha nafaka, katika kunde na maharagwe, katika karanga na ufuta. Mchele ukikobolewa hata ukang'aa, na unga ukisagwa hata ukawa mweupe kama chokaa, sehemu kubwa huondoka pamoja na pumba zinazopewa kuku. Kinachosalia huyeyuka katika maji, na mpishi akiosha mchele mara nne na kumwaga maji aliyochemshia, amekimwaga.

Wajapani walilijua hili kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1882 na 1883 manowari yao iitwayo Ryujo ilisafiri safari ndefu ikiwa na watu 376. Watu 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Daktari wa jeshi lao la wanamaji, Takaki Kanehiro, aliomba manowari nyingine, Tsukuba, ipite njia ile ile mwaka 1884, lakini watu wake wapunguziwe wali na kuongezewa nyama, shayiri na maharagwe. Waliougua walikuwa 14, wala hakufa mtu. Takaki alifikiri kasoro ilikuwa protini, na hapo hakupata sawasawa, ila dawa yake ilikuwa sahihi. Jeshi la nchi kavu halikutaka kumsikiliza. Katika vita vya Wajapani na Warusi vya 1904 na 1905, jeshi hilo lililoshikilia wali mweupe lilipoteza kwa beriberi askari wapatao 27,000.

Tusitazame mbali peke yake. Neno "posho", ambalo askari wa Uganda hulitamka kila siku, kwa asili halikuwa jina la chakula chochote. Maana yake ni riziki ya siku anayopewa mpagazi, mtumishi au askari. Kwa kuwa riziki hiyo ilikuwa unga wa mahindi siku zote, jina la kipimo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe, na sasa mtoto wa Kampala hajui kuwa posho ilikuwa na maana nyingine. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki, wale ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa vitani. Watu waliozoea ndizi, au mtama na wimbi wa kwao, walipewa unga wa mahindi ulioiva nusu kwa kukosa kuni na wakati, na tumbo la kuhara likawamaliza njiani.

Hatusemi haya ili kuitukana posho na maharagwe. La hasha. Mahindi na maharagwe yakiwa pamoja hutoa protini iliyo kamili kuliko kila kimoja kikiwa peke yake, na askari aliyelelewa kwa chakula hicho hana haja ya kukionea haya. Kasoro huja pale vinapokuwa ndivyo tu, asubuhi hadi jioni, mwezi hadi mwezi, na unga wenyewe ni ule mweupe uliokobolewa. Vitamini A haimo, vitamini C haimo, na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe hupenya mwilini kwa shida ikiwa hakuna tunda au mboga mbichi ya kuyasaidia, na kwa shida zaidi ikiwa askari huteremsha chakula chake kwa kikombe cha chai ya rangi. Chai na ingoje saa moja.

Liko na jambo la magadi. Wapishi wetu wengi, kwa kutaka maharagwe yaive upesi na kuni zisiishe, hutia magadi katika sufuria, iwe magadi ya dukani au yale yachujwayo katika majivu. Maharagwe hulainika kweli, ila magadi huiua ile thiamini tuliyoitaja. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi pasipo magadi, na kuloweka hakuhitaji kitu ila ndoo na mpishi anayekumbuka.

Tena mtu asidhani kuwa kitu kidogo kikikosekana katika chakula cha mahindi hakitaonekana. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakila mahindi, na karanga walizokuwa wakipewa zilikatika. Katika miezi michache watu karibu 18,000 walishikwa na pelagra, maradhi ya kubabuka ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili. Tofauti baina ya uzima na ugonjwa ilikuwa kibaba cha karanga.

Na hapa ndipo tunapowageukia wenzetu wa Oraba, kwa maana wao wamewekwa mahali ambapo dawa ya maradhi hayo yote huuzwa chini ya mwembe kwa bei ndogo.

Nenda soko la Koboko, au simama katika magulio ya njiani kutoka Arua. Utakuta karanga, na ufuta ambao huko wote huuita simsim, umesagwa hata ukawa rojo tayari kutiwa mchuzini. Utakuta kunde, mbaazi na choroko. Majani ya kunde, ambayo Walugbara huyaita osubi, hufungwa mafungu na kuuzwa asubuhi yakiwa bado na umande. Yakipikwa kwa rojo la karanga au simsim, mafuta yake huusaidia mwili kuipata vitamini A iliyomo katika majani. Kuna mchicha, mgagani, mrenda, kisamvu na majani ya maboga. Kuna bamia, mbichi wakati wa mvua, na iliyokaushwa na kusagwa wakati wa kiangazi. Kuna mtama na wimbi, ambao wenyeji huchanganya na unga wa muhogo na kusonga enyasa, ugali wa rangi ya udongo ambao una chuma na thiamini kuliko posho nyeupe. Kuna uji wa wimbi uliotiwa ukwaju, nao hauhitaji sukari nyingi kama chai ya mesini.

Kutoka mto Nile na ziwa Albert huja samaki: angara aliyekaushwa, na dagaa wadogo ambao huliwa mzima mzima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo humpa mlaji chokaa na chuma ambavyo minofu ya samaki mkubwa haina. Wana mchanga, ni kweli, waoshwe. Katika msimu wa maembe matunda huoza chini ya miti Koboko na Yumbe, na askari aliyepita hapo akiwa na chupa ya soda mkononi huwa hajui kuwa amelipa fedha kununua kilicho duni kuliko kile anachokikanyaga.

Ni nini basi kinachomzuia? Tunaona ni dharau, wala hatupendi kulipamba neno hilo. Kijana anayetoka mikoa mingine huletwa Nile Magharibi akiwa na fikira kwamba enyasa ni chakula cha maskini na majani ya kunde ni chakula cha mbuzi. Tumewasikia maofisa wakicheka kumbikumbi, ambao wana mafuta na protini tele, ilhali maofisa hao hao hununua panzi wa nsenene mjini Kampala kwa bei ya nyama na kuwala kwa fahari. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema, lakini anayecheka asili ya mwenzake naye hana cheo kikubwa zaidi.

Polisi wa barabarani ana jaribu lake mwenyewe. Yeye husimama au kuketi mchana kutwa karibu na vibanda, na riziki iliyo karibu yake ni chipsi, chapati iliyoviringwa na mayai, mandazi na soda. Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai, ambayo ndiyo karibu kikomo cha siku nzima kilichotajwa na Shirika la Afya Duniani. Chumvi nayo shirika hilo linataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwamo ile iliyokwisha kutiwa katika chipsi, mchuzi na kachumbari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika Uganda zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na wengi hawakuwa wakijua. Sajini mwenye miaka arobaini na mitano ambaye hupanda kilima akitweta asiseme ni uzee.

Tunaposifu chakula cha wenyeji hatusemi kila kiuzwacho ni salama. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na wenyeji wanajua kuuloweka, kuuchachusha na kuuanika hata sumu ikaondoka. Mfanyabiashara mwenye haraka hajui, au hataki kujua. Mwezi Septemba 2017 watu 98 waliugua wilayani Kasese baada ya kula unga wa muhogo wenye sumu, na wawili walikufa. Kwa hiyo unga wa muhogo na ununuliwe kwa mtu anayejulikana, wala si kwa lori lisilo na mwenyewe. Kisamvu kipondwe sana na kichemshwe sana. Mahindi na karanga zilizoota ukungu ni adui mwingine, maana ukungu huo huzaa sumukuvu inayoharibu ini. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi ya namna hiyo, na Machi 2021 nchi hiyo ilipiga marufuku mahindi ya Uganda kwa ajili ya sumu hiyo hiyo. Mtunza stoo ambaye huweka magunia juu ya sakafu yenye unyevu, akaja akapepeta mahindi yenye ukungu na kuyapeleka jikoni ili hesabu isipungue, anafanya kosa ambalo tungependa lihesabiwe sawa na kosa la kuacha silaha zishike kutu.

Twende mbele kidogo. Kituo kisicho na bustani katika ardhi ya Koboko kinashangaza. Tunajua mtu atajibu kuwa vikosi huhamishwa, na kwamba anayepanda siye atakayevuna. Jibu hilo lina ukweli kwa michungwa, bali mchicha huvunwa majuma machache tu baada ya kupandwa, na majani ya kunde vivyo hivyo. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, kama vile Kabode na Vita vilivyotolewa na watafiti wa Uganda mwaka 2007, havihitaji shamba kubwa. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu, yeye na wawili kati yao kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Kiazi kimoja cha kadiri chatosha kumpa mtoto vitamini A ya siku. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi kiko Arua, nako ndiko mahali pa kuuliza juu ya mbegu na miche ifaayo ardhi ile.

Tumetaja mtoto kwa makusudi. Katika kambi zetu wamo wake na watoto, na uchunguzi wa taifa wa 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Askari anayepeleka mshahara nyumbani akidhani kuwa gunia la unga limemaliza wajibu wake, na aongeze karanga, dagaa na fungu la majani kabla ya kuongeza gunia la pili.

Sasa tunasema na makamanda. Askari aliyeko kizuizini hawezi kubadili sahani yake peke yake. Chakula kinachopelekwa kwa magunia hupendwa kwa sababu huhesabika, hukaa, hakiozi, na karatasi zake husainiwa mara moja. Majani na maembe hayana sifa hizo. Lakini Mogadishu wale waliokuwa salama ndio waliokuwa na njia ya kupata chakula cha wenyeji, na njia hiyo hapo Oraba haihitaji ndege wala meli, inahitaji kiasi kidogo cha fedha kiwekwe mkononi mwa mkuu wa kituo kwa ajili ya mboga na matunda ya kila juma, na daftari la kuandika zilivyotumika. Pale ambapo hali ya usalama itawafungia askari ndani, kama walivyofungiwa wenzetu wa Mogadishu, maharagwe, karanga na wimbi viwekwe akiba mapema, na mganga wa kikosi atazame miguu ya watu kabla ya kuambiwa.

Na fedha hiyo ilipwe. Mama anayeleta osubi sokoni amelima kwa jembe, amechuma alfajiri, na pengine ametembea saa mbili. Askari mwenye bunduki anayechukua fungu na kusema "nitakuja kesho" amemfunza mama huyo njia nyingine ya kupitia, isiyopita karibu na kizuizi, na juma lifuatalo hakutakuwa na majani ya kununua, wala hakutakuwa na mtu wa kumwambia askari huyo ni nani aliyevuka mto Kaya usiku.